Jiwe la Kilo Tano

Jumatano, tarehe 10 Februari 2016, saa nne na robo asubuhi, anga ikiwa na mawingu mazito yasiyo na nia ya kunyesha, niliingia katika zahanati ya masista kukagua mizani ya kupimia watoto wachanga. Nilichukua sanduku la mawe ya kukagulia, kitabu cha fomu, na ile dharau ambayo mkaguzi wa vipimo huibeba pamoja na sanduku, kwa sababu baada ya miaka ishirini na sita kazini hakuna mwenye mizani ambaye humjui kabla hajafungua kinywa.

Wote husema yaleyale. Mizani ikikutwa na kosa, kosa ni la panya. Au ni la unyevu. Au ni la mfanyakazi aliyefukuzwa juzi, ambaye kwa bahati mbaya hana simu. Yupo mwuza sukari sokoni ambaye nimemwandikia mashtaka mara nne, na watu humwita Kidole kwa sababu ya kidole gumba chake kinachopenda kupumzika juu ya sahani ya mizani. Huyo aliwahi kuniapia kwamba jiwe lake limepungua uzito kwa huzuni, kwa kuwa amefiwa na shangazi. Niliyaandika maelezo hayo kama alivyoyatoa. Sikucheka. Sicheki kazini.

Sista wa zahanati alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye doa jeusi katikati ya paji la uso.

"Sista, una masizi usoni," nilimwambia, maana napenda mambo yaanze yakiwa safi.

"Najua. Ni majivu ya kuanza Kwaresima, tumepakwa asubuhi. Karibu, mizani ile pale dirishani."

Nilitundika jiwe langu la kilo tano, ambalo ndilo ninalolitumia kuliko yote. Mshale ulisimama kwenye kilo nne na robo tatu. Nilirudia mara tatu, kama kanuni inavyotaka, kisha nikafungua kitabu na kumsubiri panya.

"Mizani yako ina kosa, Sista."

"Ndiyo. Kosa ni langu. Tangu Desemba niliona mshale haurudi kwenye sifuri, nikasema nitamwita fundi, nikawa naahirisha. Ichukue. Na uandike jina langu mimi, wala si la muuguzi."

Kalamu ilibaki hewani. Fomu yetu ina mistari sita ya maelezo ya mmiliki, na kwa miaka ishirini na sita mistari hiyo haijawahi kunitosha. Siku ile niliandika maneno matatu, nikabaki na mistari mitano na nusu mitupu ambayo sikujua niifanyie nini.

"Nani amekufundisha kujibu hivi?" nilimuuliza.

Sista akacheka. "Wewe uliza nani amenichelewesha kujifunza. Njoo saa kumi na moja na nusu jioni, hapo kanisani. Leo ndiyo siku yenyewe."

Nilikwenda. Nilisimama nyuma kabisa karibu na mlango, mikono nimeifunga kifuani, kama mtu anayesubiri kuonyeshwa leseni. Nilikuwa nimelelewa na kubatizwa katika shule ya bweni ya wamisionari wa upande mwingine, ambako tuliambiwa habari za Wakatoliki kwa sauti ileile tuliyoambiwa habari za chawa. Nilitegemea kuona maigizo. Nikaona watu mia tatu, wenye suti na wenye kandambili, wakijipiga vifua na kusema kwa pamoja kwamba wamekosa, na hakuna aliyemtaja panya. Katika safu ya nne alikuwa Kidole, akijipiga kifua kwa kidole kilekile. Nilimtazama kwa dharau ambayo wakati ule sikuona sababu ya kuipunguza hata gramu moja.

Hata hivyo nilibaki mpaka mwisho. Katika kazi yetu hakuna mizani inayojikagua. Inaweza kuwa mpya, inaweza kung'aa, inaweza kuwa imegharimu mshahara wa mwaka. Isipowekewa jiwe lililotoka nje yake, neno lake ni majigambo tu. Mle ndani niliona watu wakikiri kwamba mshale wao haurudi kwenye sifuri. Kwamba wengi wao walikuwa wezi halikunisumbua, wezi nimewazoea. Kilichonisumbua ni kwamba nilitaka kurudi.

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani sebuleni nilipofika nyumbani. Hushona sare za shule; zamani alikuwa na duka la nafaka.

"Umetoka wapi na hiyo sura ya mtu aliyerudishiwa chenji kubwa?"

"Kanisani."

"Kanisani Jumatano? Kwa Baba hakuna ibada leo."

"Kwa Wakatoliki."

Cherehani ikanyamaza. "Ulikwenda kuwapimia mishumaa?"

"Nilikwenda kusikiliza."

"Wewe? Kusikiliza?" Alivua miwani ili anione vizuri. "Baba watoto, miaka ishirini na miwili nakusemesha humu ndani kama naongea na kabati. Leo umesimama saa nzima unamsikiliza padri? Huyo mtu ana dawa. Nenda kamuombe na mimi anigawie."

Lazima nieleze hapa kwamba mke wangu ni binti wa Askofu. Baba mkwe alikuwa mwuza matairi yaliyotumika, na uaskofu alijipa mwenyewe Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, mbele ya mashahidi sita ambao watano walikuwa wanawe. Ana kanisa la mabati lenye waumini sitini na vipaza sauti vitatu. Kila Jumapili waumini hao husimama mmoja mmoja kushuhudia namna walivyookoka, na hakuna anayewauliza ni nani aliyewapima. Miaka yote hiyo niliketi kwenye kiti cha plastiki safu ya mbele kwa heshima ya ndoa, nikivumilia.

Nikaacha kuvumilia. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Wakatoliki, na kwa kuwa sisemi uongo nilimwambia mke wangu ninakokwenda. Ilipofika Juni nilijiandikisha katika mafundisho ya Jumamosi, ili nipokelewe katika mkesha wa Pasaka wa mwaka utakaofuata. Siku niliyomweleza hivyo, mke wangu alibeba mto wake na shuka zake mbili akahamia chumba cha watoto, ambao wote wawili wako masomoni mbali.

"Sihami kwa hasira," alisema akiwa mlangoni. "Nakupisha. Sitaki Bikira Maria aje usiku akute nimechukua nafasi."

Mafundisho yenyewe yalikuwa aibu. Katekista alikuwa dereva mstaafu, mtu mwema, aliyepotea katikati ya kila somo na kurudi nyuma kwa uangalifu kama mwenye lori kwenye kichochoro. Niliketi pamoja na vijana kumi na mmoja waliofika pale kwa ajili ya harusi tu, ambao hawakuuliza swali lolote isipokuwa kama cheti kitakuwa tayari kabla ya Desemba. Wakati somo linaendelea walikuwa wakionyeshana rangi za maua kwenye simu. Mimi peke yangu nilikuwa na daftari lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Niliwadharau wote, kisha kila Jumamosi nilifika kabla yao.

Mwezi Novemba Askofu alikuja kunirudisha. Alikaa kwenye kiti changu, bila kuulizwa, akaweka simu zake mbili mezani.

"Mkwe wangu, nasikia unatuhama."

"Shikamoo, Baba. Ninasoma tu, sijahama."

"Marahaba. Unasoma nini ambacho mimi sijakuhubiria? Huku kwetu mtu anaongea na Mungu moja kwa moja. Kule unapanga foleni kama hospitali."

"Hospitalini, Baba, angalau mgonjwa hajiandikii dawa."

"Msikie!" Alimgeukia binti yake aliyekuwa akiingia na sinia la chai. "Umemsikia mumeo? Mimi mgonjwa!"

"Usimchokoze Mkaguzi, Baba. Atakupima, akuandikie fomu."

"Haya, basi aniambie." Askofu aliegemea mbele, na kusema kweli swali lake lilikuwa zuri kuliko mahubiri yake yote niliyowahi kuyasikia. "Huko kwenye kisanduku chao cha kuungama, wewe utakwenda kusema nini? Si wewe unayetuambia kila sikukuu kwamba hujala rushwa, hujachelewa kazini, hujalewa? Utamwambia padri akuungamie yeye?"

"Nitasema yaliyopo."

"Yapi?" Mke wangu aliweka sinia chini. Hakuwa akitania tena. "Nataka kuyajua na mimi. Taja moja. Miaka ishirini na miwili sijakusikia ukisema umekosa, hata ulipomwaga chai ulisema meza imeinama. Taja moja tu, Baba watoto."

Nilifikiri. "Hasira," nilisema. "Barabarani."

Walicheka wote wawili, baba na binti, kwa kicheko kilekile cha kurithi, mpaka Askofu akalazimika kupanguswa chai kwenye shati. Nilikaa wima. Nilijiambia kwamba watu wasio na kipimo hucheka chochote.

Jumamosi ya tarehe 8 Aprili, siku saba kabla ya mkesha, ilikuwa zamu yangu ya kuungama kwa mara ya kwanza. Padri alikuwa kijana wa miaka thelathini na michache, ambaye soksi zake hazikufanana. Niliziona kwa chini ya pazia. Nilikuwa nimeandaa orodha iliyopigwa chapa, yenye vipengele saba, kila kimoja na tarehe ya makadirio. Niliisoma kwa sauti ya kutosha. Hasira ya barabarani ilikuwa kipengele cha pili.

Nilipomaliza, padri alisogea karibu na pazia.

"Mzee wangu, hiyo ni ripoti," alisema. "Nimemsikia mkaguzi. Mkosaji yuko wapi?"

"Sijakuelewa, Padri."

"Yupo mtu uliyemkosea, ambaye mpaka leo hajui?"

Nilitaka kusimama nitoke. Mtu asiyeweza kulinganisha soksi mbili ananihoji mimi. Nikaweka mkono kwenye mbao kujiinua, na mkono haukuinua kitu. Nikamweleza habari za jiwe.

Mwaka 2008 mama yangu alikuwa akiishi nasi, mgonjwa, na akili yake ilikuwa imeanza kumpotea. Alikuwa na jambo moja lililomshika: hakuweza kuona tundu akaliacha. Aliyeyusha mishumaa na kuziba matundu ya funguo, ya misumari, ya soketi za umeme. Mke wangu alikuwa akimfuata nyuma na kijiti, akizibua. Mimi sanduku langu la mawe nililiweka chini ya kitanda mwisho wa wiki, jambo ambalo kanuni hairuhusu, lakini nilijihesabu kuwa salama kuliko stoo ya ofisi.

Jiwe la chuma la kukagulia lina tundu dogo chini yake. Humo ndimo mafundi wa makao makuu hutia madini ya risasi kidogo ili kulisawazisha, na mtu mwingine haruhusiwi kutia kitu. Mama aliliona tundu la jiwe la kilo tano, akaliona ni bovu, akamhurumia mwanawe. Alilijaza nta, akalipaka kiwi nyeusi ya viatu ili lipendeze. Liliongezeka gramu tisa.

Sikulitazama. Mkaguzi hugeuza mawe ya watu wengine kila siku. Ya kwake hupelekwa makao makuu kupimwa mara moja kwa mwaka, na siku nyingine zote hujiamini. Kwa hiyo mwaka ule, kila jiwe la kilo tano nililolikagua lilionekana jepesi. Niliwaangusha wafanyabiashara kumi na watano. Nilidhani mji mzima umeoza, nikajisifu kwa kuugundua.

Wa kwanza kuanguka alikuwa mke wangu. Duka lake la nafaka lilikuwa na miezi minane na foleni ndefu, na desturi ya ofisi ilikuwa mwenzangu ndiye alikague. Nilikataa. Nilisema sheria haina shemeji. Niliingia saa tano asubuhi, watu wamesimama na mifuko yao, nikaweka jiwe langu upande huu na lake upande ule. Lake likapanda.

"Kosa si langu," alisema. "Jiwe hili nimelinunua jipya, lina mhuri wenu wenyewe. Hebu lirudie."

Nilirudia mara tatu. Kisha nikamwambia mbele ya foleni, kwa sauti ya kazi, "Wote husema hivyo, Mama."

Alitozwa faini. Jina lake lilibandikwa kwenye ubao ulio nje ya ofisi yetu siku thelathini, kama kanuni inavyotaka, na nje ya ofisi yetu ndiko watu wote hupita kwenda sokoni. Baada ya miezi miwili alifunga duka, akanunua cherehani, akakaa nyumbani akimwogesha mama yangu, akimgeuza kitandani, akizibua matundu, mpaka mama alipofariki mwezi Oktoba. Siku ya mazishi, watu walipokuwa wakitawanyika, nilimwita pembeni. Mimi si mtu wa maneno ya asante. Nilimwambia, "Nina deni kwako kwa ajili ya mama. Siku utakayolidai, omba lolote, nitalilipa." Alisema, "Sawa," akaenda kuosha masufuria.

Desemba fundi wa makao makuu aliligeuza jiwe langu na kulichokoa kwa pini. "Mzee, nani amekuzibia?" aliuliza akicheka. Nilitia saini fomu, nikapewa jiwe langu likiwa safi, nikarudi nyumbani. Sikusema neno. Nilijiambia faili limefungwa. Nilijiambia marehemu hatajwi kwa makosa. Nilijiambia ofisi itaaibika, na ofisi ikiaibika wezi watashangilia. Kwa miaka minane na zaidi, kwa lugha nzuri na hoja zilizopangika, nilikuwa nasema panya.

Hayo ndiyo niliyomweleza padri.

"Nenda kamwambie," alisema. "Kisha rudi, nitakungoja wiki nzima."

"Hilo ni sharti?"

"Mzee, wewe ukimkuta mtu na mizani mbovu, unaigonga mhuri kwanza, halafu unamwambia aitengeneze akipata nafasi?"

Jambo la kuudhi kuliko yote duniani ni kusahihishwa kwa usahihi na mtu unayemdharau. Nilikunja orodha yangu nikatoka.

Nilimwambia mke wangu kesho yake, Jumapili, saa tisa alasiri, aliporudi kutoka kwa baba yake akiwa bado amevaa kilemba cha ibada. Nilimwomba akae. Nilimweleza kwa mpangilio, kuanzia mshumaa mpaka pini, mpaka padri na soksi zake, wala sikupunguza. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye nta, aliinua kichwa.

"Nilimwona," alisema polepole. "Alikaa pale mlangoni, ameshika dude jeusi mapajani, anayeyushia mshumaa. Nikamwambia, Mama, utaungua. Akaniambia, niache mtoto wangu akaaibike kazini na kitu chenye tundu?"

Alivua kilemba akakikunja mara nne.

"Ulijua lini?"

"Desemba ileile."

"Desemba ileile. Na mimi nimeshona sare miaka tisa nikijiuliza ni nani aliyenibadilishia jiwe. Nilimshuku msichana aliyekuwa akinisaidia dukani, nikamfukuza. Nilimshuku mpaka Baba." Alinitazama. "Kama si hao Waroma wako, ungeniambia lini?"

Ningeweza kutafuta jibu zuri. "Nisingekuambia," nilisema.

"Angalau hapo hujapunguza uzito."

"Nimekosa," nilisema. Neno lile lilitoka kavu, kama mfupa wa samaki. "Nimekukosea wewe, na msichana yule, na wengine kumi na wanne."

"Ehe. Na sasa nikusamehe haraka, ili Jumamosi upakwe mafuta?"

"Sijakuomba haraka."

Alisimama, akaenda kwenye cherehani, akapitisha mkono juu ya gurudumu lake bila kulizungusha.

"Deni la mama bado lipo?" aliuliza.

"Lipo."

"Sikuwahi kulidai."

"Hukuwahi."

Nilijua atakachodai. Nilikuwa nimekijua tangu siku alipobeba mto wake: atadai nisipokelewe, nirudi kwenye kiti cha plastiki, niketi chini ya vipaza sauti vya baba yake mpaka nife. Nami nilikuwa tayari. Ahadi ni ahadi. Ningemwandikia padri barua fupi asubuhi, na hiyo ingekuwa mara ya mwisho kwa mimi kutaka kitu. Sikumbuki kuwa nimewahi kuogopa sentensi kama nilivyoiogopa ile.

"Unadhani nitakuambia usiende kwa Waroma," alisema. "Unaniona mdogo kiasi hicho. Nenda. Siwapendi, na sitakuja kukuona ukipigishwa magoti, na chumba cha watoto nitaendelea kulala mpaka nitakapoamua mwenyewe. Lakini nenda. Mtu wako wa soksi amekutoa neno ambalo mimi nimeshindwa kulitoa miaka ishirini na mitatu."

"Unadai nini, basi?"

"Ubao."

Sikuelewa.

"Hukuniaibisha chumbani, Baba watoto. Uliniaibisha mbele ya foleni, ukanibandika siku thelathini. Na wewe ujibandike. Karatasi ya ofisi, jina lako, kosa lako, gramu zako tisa. Na majina yetu sote kumi na watano, kwamba tulikuwa sahihi. Siku thelathini."

"Wataniachisha kazi."

"Inawezekana."

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Mimi nilikuwa na miezi minane tu." Aliketi kwenye cherehani na kuvaa miwani. "Umesema lolote. Kama hulipi, niambie sasa, nijue, niendelee na kazi."

Niliingia chumbani nikafungua sanduku la karatasi. Niliandika mpaka magharibi. Majina sikuhitaji kuyatafuta popote. Niligundua, bila kufurahi, kwamba nilikuwa nayakumbuka yote.

Jumatatu, tarehe 10 Aprili, saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa tayari kali, nilifungua kioo cha ubao ulio nje ya ofisi na kubandika tangazo kwa pini nne. Lilisema kwamba mkaguzi mwandamizi wa vipimo, jina lake kamili, mwaka 2008 alitumia jiwe la kilo tano lililozidi gramu tisa. Kwamba alilijua kosa hilo tangu Desemba ya mwaka huo akalificha. Na kwamba watu kumi na watano wafuatao walihukumiwa kwa uongo, mawe yao yakiwa halali. Nakala ilikuwa imekwisha kuwekwa kwenye meza ya mkuu wangu.

Watu wa sokoni walianza kusimama. Kidole alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alisoma kwa kidole gumba, mstari kwa mstari, mpaka kikatua kwenye jina lake, la tisa.

"Mkaguzi!" alisema kwa sauti ya kuita mtaa mzima. "Si nilikuambia? Mwaka ule jiwe langu lilikuwa sahihi, shangazi ndiye aliyekufa!"

"Lilikuwa sahihi," nilisema. "Mara nyingine tatu ulikuwa mwizi."

"Hizo sizikatai," alijibu, akaenda zake akicheka.

Mke wangu alifika saa mbili kasoro, na kikapu chake cha soko. Watu walimpisha. Alisoma kutoka juu mpaka chini bila haraka, kama mimi ninavyosoma fomu ya mtu ninayemshuku, kisha akarudi juu akasoma tena.

"Hakuna mhuri," alisema.

Nilirudi ndani, nikachukua mhuri wa ofisi na kidau cha wino, nikaugonga chini ya jina langu mbele ya watu wote.

"Sawa," alisema, akatazama kama wino umekolea, akachukua kikapu chake na kuelekea sokoni. Deni la mama lilikuwa limelipwa.